Joto Halifi, Linahama: Utangulizi wa Uainishaji wa AC katika Magari ya Kale

Wataalamu waliotangulia wameyaainisha magari ya kale yaliyofungwa kiyoyozi kwa njia mbili, na zote ni za kivivu. Wapo waliofuata jina: Land Rover huku, Peugeot 504 kule, Volkswagen Beetle peke yake. Wengine wamefuata bei, mbinu inayopendwa na mafundi kwa kuwa matokeo yake hayatabiriki. Makala haya yanapendekeza kigezo kimoja tu: joto lililotolewa ndani limepelekwa wapi? Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinabeba joto kutoka kwenye kiti cha dereva na kulitua mahali pengine, na anayedhani limekwisha hajakaa foleni ya kivuko pale Magogoni saa nane mchana, mwezi wa Februari.

Kundi la kwanza, Wasiohamisha, tulipite haraka. Hawa joto wanaliacha lilipo, wanalipunga tu. Wana vile vioo vidogo vya pembetatu vinavyogeuzwa vikaelekeza upepo kifuani. Wenye Land Rover za zamani wana vifuniko viwili chini ya kioo cha mbele. Ukivifungua unapata hewa, vumbi, na mara mojamoja panzi. Waliobahatika wana paa juu ya paa, lililobuniwa kwa ajili ya nchi za jua kali, ili la juu liungue na la chini libaki kivulini. Ni ufumbuzi wa busara kuliko yote yanayofuata, ndiyo maana hauna hadhi yoyote mtaani.

Kundi la pili ndilo lenye waumini wengi: Wahamishia-Rejeta. Hapa kondensa hufungwa mbele ya rejeta. Rejeta ile ilikadiriwa kiwandani kwa ajili ya injini peke yake; sasa hewa inayoifikia imekwisha kupashwa moto njiani. Gari likitembea, upepo unasaidia na mwenye gari anamsifu fundi. Likisimama, feni inayoendeshwa na mkanda wa injini inazunguka kwa uvivu wa sailensa, kompresa inaendelea kula nguvu zake, na mshale wa joto unaanza kupanda.

Hapo hutokea hali ambayo taaluma yetu haijaipa jina linalostahili: dereva anafungua hita. Ili kuiokoa injini, analichota joto la maji ya rejeta na kulirudisha ndani, miguuni, huku usoni anapulizwa ubaridi alioulipia. Joto limesafiri kutoka kitini hadi kwenye gesi, kutoka gesi hadi kondensa, kutoka kondensa hadi rejeta, na kutoka rejeta hadi kwenye soksi zake. Kimahesabu hakuna kilichopotea isipokuwa petroli. Nimewahi kumsikia fundi akitoa hukumu juu ya jambo hili, mkono mmoja kwenye boneti: "Bosi, AC yako haina shida. Shida ni foleni." Kisayansi yuko sahihi, na hilo ndilo linalokera.

Beetle inasumbua kigezo, maana haina rejeta kabisa. Injini iko nyuma, abiria wako mbele, kwa hiyo mabomba ya gesi hutambaa urefu wote wa gari na kondensa huenda ikafungwa chini ya bodi, jirani na matope. Ile ya 1200 ya miaka ya 1960 ina nguvu farasi 34. Kompresa ikidai farasi watatu au wanne, mlima wa kawaida unageuka kuwa kikao cha familia: tupande, au tupoe?

Kundi la tatu huhamishia joto kwenye nyaya. Dinamo ya Land Rover ya wakati ule hutoa ampea 22 hivi. Taa kubwa zinataka nane, feni ya ndani kumi, feni ya umeme ya kondensa kumi nyingine, na sumaku inayoiunganisha kompresa na mkanda wake tatu au nne. Usiku wa mvua, wiper zikiwa zinaomba fungu lao, mwenye gari huchagua kati ya kuona na kupoa. Akitaka vyote atafute alteneta. Isitoshe, magari mengi ya Kiingereza ya enzi hizo yaliunganisha bodi na upande chanya wa betri; fundi asiyelijua hilo anafunga feni mpya, nayo inazunguka kinyumenyume.

Waliofunga vifaa vya mtumba wanastahili huruma ya pekee. Vingi vilibuniwa kwa gesi ya R-12, iliyowekewa masharti na Itifaki ya Montreal ya 1987 kwa kuharibu tabaka la ozoni. Mrithi wake, R-134a, hapatani na mafuta ya zamani ya kompresa na hupenya kwenye mipira ya zamani. Kwa hawa, joto limehamia mfukoni, na linarudi kila mara gesi inapoisha.

Upo pia ugomvi wa uhalisi. Kikasha cha baridi kilichoning'inizwa chini ya dashibodi hutoa maji, hasa kwa unyevu wa pwani, na maji yanataka tundu sakafuni. Kutoboa sakafu iliyochomelewa upya mwaka jana! Wahafidhina huita hili kufuru. Wakumbushwe kwamba Packard walianza kuuza gari lenye kiyoyozi cha kiwandani kwa modeli ya 1940. Mtambo wa baridi ulikaa kwenye buti, na kuuzima kabisa kulihitaji kusimama, kufungua boneti na kuvua mkanda. Anayetaka uhalisi kamili na aanzie hapo.

Limebaki kundi la mwisho, la waliong'oa injini yote na kuweka ya Toyota, pamoja na kompresa, alteneta na rejeta yake. Kwa kigezo chetu, hapa joto halikusumbuliwa sana. Gari ndilo lililohama. Wahafidhina hulilaani hadharani. Likipita saa saba mchana wanaomba lifti, wanakaa siti ya nyuma, na hakuna anayefungua dirisha.