Pongezi kwa Kibao cha Kuchorea

Mbozi husifiwa kwa kahawa, na mgeni hapiti bila kutajiwa Kimondo cha Ndolezi, pande la chuma la takribani tani 16 lililoshuka kutoka angani na halijamsumbua mtu tangu litue. Hapo ndipo kimondo kinaponichosha. Mimi leo nasifia kibao cha kuchorea, kile cheusi chembamba chenye kalamu yake, kilichowekwa kwenye stesheneri moja ya Ihanda, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, kati ya mashine ya fotokopi na ndoo ya maandazi.

Kwanza, kina staha. Mausi ukiichomeka tu inaanza kazi, haina haya. Kibao kinataka draiva, ile programu ya kukitambulisha kwa kompyuta. Ya zamani iondolewe, kompyuta izimwe, iwashwe, mpya ishushwe kwenye intaneti, kompyuta izimwe tena. Bando hukata pakiwa pamebaki kidogo sana, na umeme nao husubiri zamu yake. Mtu wa kadi za mchango wa harusi, aliyekuja asubuhi akisema "ni mara moja tu", hupata nafasi ya kutafakari kama kweli ile bajeti ilikuwa ya lazima. Kamati ngapi zimepunguza idadi ya wageni kwenye benchi lile, Mungu ndiye ajuaye.

Ukikitumia bila draiva, hakikukatalii moja kwa moja. Mshale unatembea, mstari unachoreka, ila wote unene mmoja, hata ukibonyeza mpaka mshipa ukutoke. Draiva ikikubali, ndipo utamu unaanza: kibao cha kawaida cha miaka ya nyuma kilitambua ngazi 1,024 za mgandamizo, na vipya vingi hufika 8,192. Sijui mtu mwingine pale Ihanda anayepima uzito wa mkono wako kwa uangalifu huo, mnunuzi wa kahawa na mizani yake akiwemo.

Kalamu nayo haina betri. Chini ya uso wa kibao zimetandazwa nyaya zinazotoa mawimbi ya sumaku. Koili ndogo ndani ya kalamu huyapokea, ikapata nguvu ya kujibu, na kwa jibu hilo kibao hujua kalamu iko wapi hata ikiwa imeinuliwa kidogo hewani. Yaani inakula kwa mwenyeji, na kazi yake ni kusema "niko hapa". Nina ndugu wa namna hiyo, ila wao hawachori.

Halafu kuna vidole. Kibao hiki kinapokea mguso pia: vidole viwili vinakuza picha na kuizungusha. Kalamu ikiwa karibu, mguso hunyamaza ili kiganja kisivuruge kazi. Lakini fundi akiinua kalamu afikiri kidogo, kiganja kilichobaki juu ya kibao kinashika usukani, na bwana harusi anapinduka miguu juu. Wasiopenda bughudha huuzima mguso kwenye mipangilio. Fundi wetu hajauzima. Ameamua kutofikiri katikati ya kazi, na wateja wanasema inaonekana.

Hapa sitanii: fundi huyo ni wa mkono wa kushoto, na shuleni alichapwa ili aandike kwa wa kulia. Draiva, pamoja na usumbufu wake wote, ndiyo iliyomuuliza anatumia mkono gani. Akachagua, akakigeuza kibao vitufe vikae upande wa pili, yakaisha.

Wanaolalamikia bei wajue kwamba babu wa kibao hiki, kile kilichoundwa na shirika la RAND la Marekani mwaka 1964, kilikuwa cha dola 18,000. Na wanaonikumbusha kwamba mchoraji Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968 na vipande vya ubao na rangi za baiskeli, bila kuzima na kuwasha chochote, nawajibu: ndiyo maana alimaliza picha zake.

Kitazame kwa karibu. Kila nukta ya kibao ina mwenzake kwenye skrini, kona kwa kona. Basi kona ya juu kushoto, ilipo menyu ya faili, imesuguliwa mpaka inang'aa. Katikati, mahali pa kuchorea, bado pana ukwaru wa kiwandani. Ncha ya kalamu imelika upande mmoja, na huchomolewa kwa kibanio cha nyusi.

Lakini kazi yake bora ni saini. Katibu wa kikoba kimoja alikuja kutia saini vyeti vya wanachama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wino uko wapi?"

Akainama, akaandika huku akitazama mkono wake. Hakuona kitu, akakandamiza. Alipoinua macho, saini ilikuwa imejaa skrini, mkia wa herufi ya mwisho umenenepa na kukatiza jina la mwenyekiti. Fundi akataka kufuta. Mzee akamzuia, akavaa miwani.

"Iache. Hii ni ya mtu mwenye cheo."

Vikachapwa hivyo hivyo. Tatizo ni benki, ambako faili lina saini yake ya zamani. Ameomba fomu ya kubadilisha, na siku hizi hukaa kwenye benchi lile na peni ya kawaida, nyuma ya risiti ya mbolea, akijifunza kuiiga ile ya kibao. Mkia bado unamtoka mwembamba.