Fadhila za Karani Mwenye Kisirani

Simba amekwisha kusifiwa kwa ushujaa, ngamia kwa ustahimilivu, na mnazi kwa kuwa hautupwi kitu chake. Lakini mtumishi mkorofi, ambaye hapana afisi, skuli wala ghala lisilokuwa naye, hajapata hata ubeti mmoja. Na kwa kuwa mimi nilikaa misimu minne katika ghala la kahawa huku Nyamahanga, meza moja na karani wa mizani ambaye Muumba, kwa hekima yake, alimnyima tabasamu ili wengine wazidishiwe, naona ni dhuluma kuendelea kunyamaza.

Kwanza nataja adabu yake. Ukimwamkia, "Shikamoo, mzee," hakujibu mpaka atazame saa ya ukutani, na ikiwa saa mbili imepita kwa dakika tatu, marahaba yako aliiweka akiba hadi kesho yake. Kalamu yake aliifunga kwa uzi kwenye mguu wa meza, na uzi wenyewe aliufupisha makusudi, hata mwingine akitaka kuandika alazimike kuinama mbele yake kama anayerukuu. Chai hakuinywa pamoja nasi, kwa hoja kwamba sukari huleta urafiki, na urafiki huharibu hesabu. Lakabu alipewa nyingi, na iliyomfaa kuliko zote haiandikiki.

Huku kwetu kahawa huanikwa juani pamoja na maganda yake, aghalabu juu ya ardhi tupu, nayo huokota vumbi na, kwa bahati inayojirudia mno hata isistahili kuitwa bahati, changarawe; na wako wajuao kwamba gunia likilazwa penye umande huamka zito. Yule bwana alitumbukiza mkono hadi kiwiko, akachota kutoka tumboni mwa gunia wala si mdomoni, akaibana punje kwa meno, kisha akatamka neno moja tu, "Rudisha," kwa sauti ile ile kwa mjane, kwa diwani na kwa shemeji yake. Mimi mwenyewe alinirudishia stakabadhi za siku nzima kwa ajili ya 7 iliyofanana na 1, mkesha wa sikukuu, nami nikamwombea dua ambayo namshukuru Mola kwa kutoitakabali.

Msomaji mwenye moyo laini atauliza kama haiwezekani mtu kuwa mwaminifu na mpole kwa pamoja. Huenda yawezekana, lakini mpole kuliko wote niliowajua katika Kagera ni mfanyaji wa butura, biashara ile ya kununua kahawa ingali maua mtini, ambayo serikali imeipiga marufuku nayo haikomi. Huyo huja katika miezi ya njaa, wakati mkulima ana ada ya mtoto au maiti ya kuzika, akavua kofia mlangoni, akauliza hali za wazee kwa majina yao, akatoa sukari, akatoa pole, akatoa na fedha kidogo. Na mavuno yakifika, shamba la mwenyeji limekwisha kuliwa kwa taadhima. Hajapata kumfokea mtu. Karani wetu alifoka kutwa, na kilo za watu zikabaki kilo.

Tena alikuwa mpatanishi bila kujijua. Ghalani tulikuwa wanne, Mhangaza, Mshubi, Msubi na Mzinza, na tungaligombana tangu alfajiri juu ya ndizi ipi hutoa rubisi bora, lau si yeye. Alipoingia tu tulikuwa ndugu, kwani hapana undugu ulio imara kama wa watu wanaomsengenya mtu mmoja. Nimeyatazama maporomoko ya Rusumo, ambapo maji huteta na mwamba kwa makelele yasiyo na staha, na kwa ugomvi huo hupatikana umeme wa megawati 80 wanaogawana Tanzania, Rwanda na Burundi. Ilhali ziwa Burigi, ambalo ni tulivu na zuri zaidi kwa macho, halijatuwashia hata taa moja.

Msimu wa nne aliugua, akaletwa badala yake kijana mcheshi aliyemwita kila mtu "ndugu yangu" na kunywa chai vikombe viwili. Wiki ya kwanza tulimshukuru Mungu. Wiki ya tatu, kwa kuwa hapakuwa na wa kusengenywa ila sisi kwa sisi, wanne hatukuwa tukisemezana, na magunia yalikuwa yameanza kupendeza kwa uzito.

Mgonjwa alirejea Jumatatu, amekonda, na bakora mkononi. Aliuona uzi wa kalamu umerefushwa. Akatoa wembe mfukoni, akaukata, akaufunga upya pasipo kuuliza ni nani. Sote wanne tukasimama kwa pamoja.

"Shikamoo, mzee."

Akatazama saa.