Solo za Gare: Tunashuka Kutoka Tisa

Gare ya Lushoto ni milima, na milimani kila njia ama inapanda ama inashuka. Orodha hii inashuka. Imeandikwa kwa ajili ya kijana mwenye gitaa na kodi tatu, C, F na G, ambaye akiambiwa "haya, sasa piga solo" hukumbuka ghafla kuwa kabichi zake hazijamwagiliwa. (Ni kodi za gitaa, jamani. TRA wakae kwa kutulia.)

Msimamo wangu nautanguliza tusipotezeane muda: solo inayoimbika haitoki kwenye wepesi wa vidole. Kodi ikibadilika, nota zilizomo ndani yake zinabadilika pia, na mpiga solo mzuri hutua juu ya mojawapo kwa wakati wake. Basi. Na Gare hii ya misheni na kwaya inazijua nota hizo tangu utotoni, ila hakuna aliyewaambia vijana kwamba zinafanya kazi hata nje ya kanisa.

9. Lisamehe gitaa

Najua. Ni gitaa kavu, la kuazima, waya mmoja mpya na tano zina kutu. Sawa. John Lennon, mwaka 1957, alianzia kwenye Gallotone Champion, gitaa la bei nafuu lililotengenezwa Afrika Kusini, ndugu wa yale ambayo wazee wetu waliyaita galatoni. Yeye akaunda Beatles. Wewe hata hujalityuni. Lityuni, kisha tuendelee.

8. Msalimie mpiga rizimu kwa heshima zote

Ukishuka kutoka Lushoto hadi Mombo, ukashika njia ya Tanga mjini, unafika kwenye mji uliokuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz kwa wakati mmoja. Katika bendi za namna hiyo magitaa yaligawana kazi: besi chini, rizimu katikati, solo juu, na mara nyingi solo ya pili ikijipenyeza kati ya rizimu na solo. Kila kijana anataka kuwa yule wa juu. Hakuna anayetaka kukaa dakika kumi akizungusha kodi tatu zile zile.

Lakini mwenye ramani ni mpiga rizimu. Yeye ndiye anayejua sasa hivi tuko F na baada ya mapigo manne tunahamia G. Ukitaka kupiga solo bila kujua hayo, unatembea usiku bila tochi na kuyalaumu mawe. Nico Kasanda wa Kongo, mpiga solo wa African Jazz, watu walimpa udaktari: Dokta Nico. Omar Shabani, mpiga rizimu wa Simba Wanyika na baadaye Les Wanyika, alipewa uprofesa. Hesabu mwenyewe nani mkubwa.

Kazi ya wiki hii: piga rizimu tu, na kila kodi inapoingia itaje kwa sauti. Majirani watadhani umechanganyikiwa. Wazoee.

7. Skeli ya nota tano: haikuaibishi, wala haikufikishi

Kuna mtu atakuja, kwa kawaida ametoka Dar kwa likizo, atakwambia: "Mdogo wangu, shika skeli ya nota tano, hukosei kamwe." Kasema kweli, na ndiyo ubaya wake. Katika C nota hizo, kwa herufi za kwaya, ni d r m s l. Angalia zilizobaki nje: f na t. Sasa, f ndiyo inayobeba jina la kodi ya F, na t ndiyo moyo wa kodi ya G. Yaani umepewa nota zote isipokuwa zile mbili zinazomwambia msikilizaji kuwa kodi imehama.

Kupiga solo kwa hizo tano peke yake ni kama kuamkia watu wote "mambo vipi": paroko mambo vipi, bibi mambo vipi, mbuzi mambo vipi. Hujamtukana mtu. Ila hakuna aliyeona kwamba umemtambua.

6. Rudi kwaya

Hapa tukae kidogo.

Karne ya 19, mwalimu mmoja wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, alibuni njia ya kufundisha uimbaji kwa herufi, na mchungaji John Curwen akaiendeleza na kuieneza. Wamisheni wakaibeba. Mpaka leo kwaya nyingi za Tanzania, Katoliki kwa Lutheri, zinajifunza nyimbo kwa karatasi yenye d r m f s l t, sauti nne zimepangwa moja chini ya nyingine. Mtu asiyejua kabisa mistari mitano ya muziki wa Ulaya anaweza kukusomea sauti ya tatu ya wimbo mpya huku akimenya viazi.

Sasa soma karatasi hiyo kutoka juu kwenda chini badala ya kushoto kwenda kulia. Pale wote wanapotua mwisho wa mstari utakuta, kwa mfano, sauti ya kwanza d, ya pili m, ya tatu s, ya nne d. Hiyo ni kodi ya C, imesimama mbele yako na sare ya kwaya. F ni f l d. G ni s t r, na ikitaka kukusukuma urudi nyumbani, inaongeza f.

Ukitaka ushahidi zaidi, chukua Amina, ile ya kizamani ya kuburuta. "Aaa" ni kodi ya F, "mina" ni kodi ya C. Aliyeshika d anabaki pale pale. Aliyeshika l anashuka s. Aliyeshika f anashuka m, hatua fupi kabisa, nusu tu. Besi peke yake ndiye anayeruka, maana besi ndivyo alivyo. Kila Amina uliyowahi kuimba ilikuwa somo la kutoka F kwenda C kwa njia ya karibu, na walimu wa magitaa mijini wanatoza hela kwa somo hilo.

Kwa hiyo mazungumzo yaende hivi:

"Mwalimu, shikamoo. Naomba unifundishe kupiga solo."

"Marahaba. Sauti ya tatu unaijua?"

"Naijua, mwalimu, lakini solo ni…"

"Basi kaa chini. Nusu ya kazi umeshaimaliza."

Na kama wewe ni mtoto wa madrasa, kama walivyo wengi Lushoto, simama nje ya kanisa wakati wa mazoezi yao. Kusikiliza sauti ya pili hakujawahi kubadili dini ya mtu.

5. Weka mkono mahali pamoja, utulie

Kijana akisikia "solo" mkono unapanda shingo ya gitaa mpaka karibu na tundu, kana kwamba nota nzuri zinauzwa huko juu. Rudi. Chukua waya tatu nyembamba tu: wa tatu, wa pili, wa kwanza.

C: freti ya 5, ya 5, ya 3.
F: freti ya 5, ya 6, ya 5.
G: freti ya 4, ya 3, ya 3.

Kodi zote tatu zimekaa kati ya freti ya 3 na ya 6. Tazama zinavyopokezana: kutoka C kwenda F waya wa tatu hausogei, wa pili unapanda freti moja, wa kwanza unapanda mbili. Ni ile Amina, imerudi kinyumenyume. Kutoka G kwenda C waya wa tatu unapanda freti moja, wa pili unapanda mbili, wa kwanza hausogei.

Zipige moja moja, polepole, juu ya rizimu uliyoirekodi kwenye simu: mapigo manne C, manne F, manne G, manne C. Kwanza nota moja tu kwa kila kodi, ile iliyo karibu zaidi na uliyotoka. Itasikika kama kitu ambacho mtoto angeweza kupiga. Vizuri. Mtoto angeweza pia kuiimba, na wewe bado hujawahi kupiga solo inayoimbwa na yeyote.

4. Ile ya katikati ndiyo mbea

Katika nota tatu za kodi, ya chini besi ameshaitaja. Ukiirudia unamsaidia mtu asiyeomba msaada. Ya juu kabisa, s kwenye kodi ya C, ni tulivu, haina habari nyingi. Ile ya katikati ndiyo inayotoa siri zote: m kwenye C, l kwenye F, t kwenye G. Ishushe nusu hatua na harusi inageuka msiba, kodi kubwa imekuwa ndogo.

Mahali pake: m ni waya wa pili freti ya 5. l ni waya wa kwanza freti ya 5. t ni waya wa tatu freti ya 4. Jilazimishe kutua hapo pigo la kwanza la kila kodi. Katikati fanya upendavyo, zurura, sema umbea wako. Pigo la kwanza likifika, uwe umeshafika.

3. Waja leo waondoka leo

Watu wa Tanga msemo huo ni wao, nao unazifaa nota za mpito. Nota isiyo ya kodi si dhambi. Dhambi ni kuikaribisha, kuipa kiti na kuipikia.

Hila rahisi kuliko zote: kabla ya kutua, gusa freti moja nyuma. Unataka m kwenye freti ya 5? Gusa ya 4, teleza. Unataka t kwenye freti ya 4? Gusa ya 3. Sikio linashtuka kidogo, halafu linafurahi kuona lilishtushwa kwa nia njema. Ukizoea, izingire kabisa: freti ya 6, ya 4, kisha ya 5 yenyewe.

Halafu kuna utamu wa Kongo, nota mbili kwa pamoja, sauti ya kwanza na ya pili zikitembea zimeshikana mikono. Dokta Nico aliupiga kwa raha sana. Waya wa pili na wa kwanza: freti ya 5 na ya 3 ukiwa C; ya 6 na ya 5 ukiwa F; ya 8 na ya 7 ukiwa G. Hapa tu ndipo nakuruhusu upande shingo ya gitaa. Jozi hizo tatu zikikaa mkononi utashangaa watu wanaanza kucheza, na wale waliokuwa wanatoka nje kwenda kupiga simu wanarudi.

2. Nyamaza

Misheni ya Gare ilianzishwa mwishoni mwa karne ya 19 na Watrapisti, watawa wanaojulikana dunia nzima kwa kukaa kimya. Fikiria: mahali palipoanzishwa na watu wa kunyamaza, halafu wewe hapo hapo unapiga solo ya dakika nne bila kuvuta pumzi.

Ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka, na solo nayo ni hivyo. Piga sentensi, nyamaza mapigo mawili, ijibu. Mpiga rizimu atapata nafasi ya kusikika, na Profesa mzima huyo anastahili. Isitoshe, kimya kinakupa muda wa kukumbuka kodi inayofuata. Wasikilizaji watadhani unatafakari. Waache wadhani.

1. Imba kwanza, vidole vifuate

Mbaraka Mwinshehe, aliyekwenda na Morogoro Jazz hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, alikuwa mpiga solo na mwimbaji. Wilson Peter Kinyonga, aliyepitia Jamhuri Jazz ya Tanga kabla ya kuunda Simba Wanyika huko Kenya pamoja na ndugu yake George, naye alikuwa mpiga solo na mwimbaji. Sikiliza kazi zao: gitaa linachukua neno pale mdomo ulipoliacha, na unaweza kuliimba ukiwa shambani bila kukosa hatua. Mtu anayeimba hawezi kupiga nota arobaini kwa pumzi moja, kifua hakimruhusu. Kifua ni mhariri mzuri.

Kwa hiyo weka rizimu yako kwenye simu, gitaa liwe mapajani, mikono juu. Imba solo kwa d r m, kwa sauti ile ile ya mazoezi ya kwaya. Ukikwama kodi ilipohama, usitafute kwenye gitaa. Imba Amina, utaipata njia. Sentensi moja ikikukaa mdomoni, ndipo uitafute kwenye waya, freti ya 3 hadi ya 6. Kisha ya pili. Usitafute ya tatu kabla hizo mbili hazijaweza kusalimiana.

Halafu mtihani. Mwite rafiki anayejua zile kodi tatu. Zima simu, zima rizimu, piga solo yako peke yake bila kodi yoyote nyuma yake, naye anyooshe mkono kila anapohisi kodi imebadilika. Akinyoosha mahali pasipo, kosa ni lako, rudi namba nne. Akipatia zote, mpe yeye gitaa la rizimu, wewe kashike solo, na mtu mmoja akamwagilie hizo kabichi.