Sifa za Kabari

Kabari ni kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kiganja, kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, chenye tundu katikati, na ukikiona kimelala vumbini katika gereji za Igogo, baina ya vizibo vya soda na nati zilizoliwa na kutu, hutajisumbua kukiinamia. Lakini mimi, niliyefunzwa adabu nacho kwa gharama yangu mwenyewe, nataka leo kukisifu kwa sifa zile ambazo wengine huziweka akiba kwa ajili ya masultani.

Nilikuwa na Land Rover Series III ambayo springi zake, kwa miaka mingi ya kuchukua magunia ya dagaa kutoka mwaloni Kirumba, zilikuwa zimelala hata zikawa bapa kama mkeka. Nikanunua mpya, zenye upinde wa kupita kiasi, kwa tamaa ya kimo ambayo sithubutu kuiita haja. Zikafungwa, na gari likasimama mfano wa jogoo mbele ya wageni. Fahari hiyo ilidumu mpaka Kisesa. Kutoka hapo, katika njia ya kwenda Magu, steringi ambayo zamani ilirudi yenyewe baada ya kona ilianza kutangatanga kushoto na kulia mithili ya mlevi atafutaye mlango wake, na chini ya sakafu ukazuka mtetemo ulionitikisa meno. Fundi aliyezifunga aliniambia kwa upole, "Subira, mzee, zitazoea." Nikasubiri. Hazikuzoea, bali krosi ya propela ilikatika siku ya mvua, nami nikalala Magu bila ya kukusudia.

Mzee mmoja wa Igogo, mtu wa maneno machache, hakuzigusa kabisa springi zile. Alifuta tope, akaweka kipimo cha digrii juu ya ekseli, akakitazama kitambo, kisha akasema, "Springi hazina kosa, bwana. Ekseli ndiyo imepinda shingo." Hapo nikafahamishwa kwamba zile pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia hulazwa nyuma kidogo, digrii 3 kwa gari kama langu, na kwamba ulalo huo hafifu ndio unaolirudisha gurudumu katika unyofu wake; lakini upinde mpya ulikuwa umeizungusha ekseli, na ulalo ukapotea. Nyuma nako pua ya difu ilikuwa imeinama, ilhali krosi mbili za propela hutaka pembe zao zilingane, kwa sababu krosi iliyopinda huharakisha na kukawiza mwendo mara mbili katika kila mzunguko mmoja, na mwenziwe hawezi kuisahihisha dhuluma hiyo ila kwa kupinda kadiri ile ile.

Ndipo alipoitwa mheshimiwa wetu. Kwa kuwa ekseli ya gari lile hukaa juu ya springi, kabari ilitiwa baina yao, unene wake ukitazama mbele, senta bolti ikapenya tunduni mwake, na yubolti zikaibana kwa nguvu ambayo ingemtoa machozi waziri. Haikulalamika. Tangu siku hiyo imechukua uzito wa gari, wa dagaa, na wa majivuno yangu, haioni jua wala haipakwi rangi, na kila anayelisifu gari huzisifu springi. Iwe ya chuma cha pua au chuma cheusi si neno, maadamu si ya aluminiamu, ambayo hupondeka ikatoroka njiani kama shahidi wa uongo.

Mahasidi wake husema kwamba kule mbele haitoi dawa ila kwa sumu, na kusema kweli hawakukosea: pini za magurudumu na pua ya difu ni viungo vya mfupa mmoja, basi ukizilaza pini nyuma, pua nayo huelekea chini na propela huanza kunung'unika. Lakini je, kosa ni la kabari, au ni la yule aliyetaka kupanda gari kwa ngazi? Wenye viwanda walijaribu kuipokonya ufalme wake: Range Rover ya mwaka 1970 ilitoka na springi za mviringo, Land Rover ikafuata mwaka 1983, na Toyota mwaka 1999 ikaziondoa springi bapa mbele ya Land Cruiser za kazi. Nyuma ya Land Cruiser hizo, hata hivyo, zimebaki mpaka leo.

Nawe msomaji uliyekwisha kuliinua gari lako na kulitilia kabari, nakusihi jambo moja tu: baada ya kilomita 100 za mwanzo, ingia chini na spana, ukazikaze upya nati za yubolti.