Kasoro za Hidaya

Mwezi wa Novemba 2015, ilipodhihiri huko Uingereza Raspberry Pi Zero, kompyuta ya ubao mmoja yenye urefu wa milimita 65 na thamani ya dola 5, ikabandikwa hata juu ya jalada la gazeti ambalo bei yake iliipita ya kompyuta yenyewe, mafundi wa kujifurahisha, badala ya kushukuru, walifanya baraza wakatoa hukumu: haina tundu la waya wa mtandao, haina Wi-Fi, na matundu yake 40 yameachwa matupu bila pini. Baada ya kulaani hivyo, wakakimbilia kuagiza mbili mbili. Ewe msomaji, ukitaka kujua aibu za kitu, usimwulize aliyekinunua kwa mali nyingi, mwulize aliyetunukiwa.