Kitufe Kipo, Simu ya Nini?

Kompyuta ikigoma ofisini kwetu, mwenye nayo hasemi imegomaje. Anachomoa simu, anaipiga picha skrini akiwa amesimama upande, kisha ananirushia WhatsApp na maneno mawili: "Kaka, cheki." Nacheki. Naona mistari ya mawimbi utadhani bati la msauzi, naona taa ya dari, naona kipara cha mpigaji kinang'aa katikati ya kioo. Ujumbe wenyewe niliotakiwa kuusoma uko chini ya kipara.

Na kitufe kipo! Kimeandikwa PrtSc, kiko juu upande wa kulia wa kibodi, kisafi kabisa, hakijaguswa tangu kompyuta itoke boksini. Nakubali jina linachanganya: enzi za DOS kilikuwa kweli kinapeleka yaliyo kwenye skrini moja kwa moja hadi kwenye printa. Siku hizi hata hicho si lazima. Kwenye Windows unabonyeza kitufe cha Windows, Shift na S kwa pamoja, skrini inafifia, unazungushia unachokitaka, basi. Mwenye Mac ana Command, Shift na 4. Nimeyaandika haya kwa kalamu nene nikabandika ukutani. Dada wa mapokezi akaja, akayapiga picha kwa simu.

Waliojifunza ndio balaa zaidi. Wanapiga skrini nzima. Naombwa niangalie seli moja ya Excel, naletewa na tabo zote zilizofunguliwa juu: nafasi za kazi kwingine, dawa ya minyoo, mkeka wa Jumamosi. Halafu skrinishoti yenyewe inabandikwa kwenye Word, Word inageuzwa PDF, na bosi anataka nizichape upya zile namba, moja moja, wakati faili la Excel analo yeye.

Kwenye kuficha siri ndipo nachoka kabisa. Kaka wa manunuzi anapitisha kalamu ya kukolezea, nyeusi, juu ya akaunti ya benki. Kalamu ile inapitisha mwanga. Ukiongeza mwangaza wa picha, namba yote hii hapa. Weka boksi jeusi lililojaa, ndugu yangu! Nikamtisha na habari za mwaka 2023, ilipobainika kwamba programu ya kukata picha ya Windows 11, na ile ya simu za Google Pixel, zilikuwa zinaacha ndani ya faili mabaki ya sehemu uliyodhani umeikata, na wajuzi waliweza kuyarudisha. Kasoro ilizibwa, lakini picha zilizokwishatumwa zilikuwa zimekwenda. Akanisikiliza kwa makini. Akasema yeye hana wasiwasi, kwa sababu huwa hakati.

Sasa wameingia kwenye video. Mtu anairekodi skrini kwa simu, anashuka na ukurasa polepole, mkono unatetemeka, na nyuma yake sauti inauliza kama maandazi yamebaki.