Pointi Mbili ni Pointi Mbili: Barua ya Wazi kwa TFF Kutoka Mpanda

Mpanda, Katavi
Januari 2026

Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania,
Karume, Ilala,
Dar es Salaam.

Ndugu Viongozi,

YAH: PONGEZI KWA UHODARI WENU WA KUBADILISHA MAKOCHA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Kwa niaba ya vijiwe na vibanda umiza vyote vya Mpanda, ambavyo havikunituma lakini sidhani kama vitapinga, naleta pongezi. Novemba 2025, fainali za Mataifa ya Afrika zikiwa zinahesabiwa kwa wiki, mliachana na Hemed Suleiman ‘Morocco’, kocha aliyeipeleka Taifa Stars kwenye fainali hizo, mkamkabidhi timu, kama kaimu, Miguel Gamondi, aliyekuwa na kibarua kingine Singida Black Stars. Leo Stars imefika hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza tangu ianze kucheza fainali hizi mwaka 1980. Mjadala umefungwa: Gamondi ni kocha, Hemed alikuwa mshika nafasi, na Shirikisho lina jicho la mwewe. Shida ni kwamba hesabu za huku kwetu zimegoma kukubali, na kwa kuwa ninyi ni watu wa takwimu, naomba tuzipitie pamoja.

Ivory Coast, Januari 2024: Stars ilifungwa 3-0 na Morocco, ikatoka 1-1 na Zambia, ikamaliza kwa 0-0 na DR Congo. Pointi mbili, mkiani mwa kundi, ndege ya kurudi nyumbani. Morocco, Desemba 2025: ikafungwa 2-1 na Nigeria, ikatoka 1-1 na Uganda, ikamaliza kwa 1-1 na Tunisia. Pointi mbili, 16 bora, historia. Kipigo kimoja, sare mbili na ushindi sufuri vimezaa aibu mwaka mmoja na fahari mwaka mwingine. Kilichobadilika ni majirani wa kwenye msimamo. Mwaka 2024, waliopenya kwa pointi chache kuliko wote walikuwa na tatu, wakiwemo wenyeji Ivory Coast, ambao walikwenda moja kwa moja hadi kubeba kombe. Safari hii Stars na Angola zilikuwa na pointi mbili kila moja na tofauti ileile ya mabao, tukapita sisi kwa kuwa tulifunga matatu na wao mawili. Kabla ya hapo, katika ile sare na Uganda, Allan Okello wao alikuwa amepaisha penalti ya dakika za nyongeza. Mpira ule ungeshuka kidogo tu, Stars ingemaliza na pointi moja, na uamuzi wa kijasiri wa Novemba ungetafutiwa jina jingine. Sijui kama mguu wa Okello ulikuwa kwenye mpango kazi wa benchi la ufundi, lakini kama ulikuwemo, nakiri kwamba huo ni ufundi wa hali ya juu.

Halafu kuna jambo ambalo wanaolinganisha makocha hawa wawili hulipita haraka. Kile kipigo cha 3-0 cha mwaka 2024 hakikuwa cha Hemed. Kocha siku ile alikuwa Adel Amrouche, ambaye CAF ilimfungia mechi nane kwa kauli zake kuhusu ushawishi wa Morocco katika soka la Afrika, nanyi mkamsimamisha. Hemed alipewa timu iliyokwishapigwa, mashindano yakiendelea, akacheza na Zambia na DR Congo bila kupoteza. Kwa hiyo rekodi yake kwenye fainali ni mechi mbili, sare mbili. Gamondi ana mechi nne, sare mbili na vipigo viwili. Sisemi kwamba hiyo inamfanya Hemed kuwa bora. Mechi mbili hazimpimi mtu. Nasema tu kwamba aliyesoma takwimu hizo akaona ushahidi wa wazi dhidi yake ana macho ambayo hospitali zetu hazijapata kuyapima.

Mtanijibu kwamba sare hazifanani, na hapo mna haki. Stars ya Gamondi ilifunga katika kila mechi ya kundi, jambo ambalo ile ya Ivory Coast haikuliweza, na bao moja la ziada ndilo lililotuvusha mbele ya Angola. Ilicheza na Nigeria na Tunisia bila kujikunyata langoni. Hiyo ni sifa yake, apewe yote. Ila bao dhidi ya Uganda alilifunga Simon Msuva, ambaye alifunga dhidi ya Kenya kwenye fainali za 2019 chini ya Emmanuel Amunike, akafunga dhidi ya Zambia chini ya Hemed, na ndiye aliyefunga bao pekee dhidi ya Guinea tarehe 19 Novemba 2024 lililotupa tiketi ya kwenda Morocco. Makocha watatu, fainali tatu, mfungaji yuleyule. Kama ningekuwa Msuva ningeomba cheo cha ukurugenzi wa ufundi.

Mtaniambia pia tuiangalie mechi ya Morocco. Stars imefungwa 1-0 tu na wenyeji, tena kwao Rabat, na nchi nzima ikajivunia. Ni kweli. Lakini Agosti 2025, kwenye robo fainali ya CHAN hapo Dar es Salaam, Stars ya Hemed nayo ilifungwa 1-0 na Morocco, baada ya kuzipiga Burkina Faso, Mauritania na Madagascar kwenye kundi, na ilikuwa mara yetu ya kwanza kuvuka makundi ya mashindano hayo. Najua CHAN ni ya wachezaji wa ligi za ndani, na Morocco ya Rabat ilikuwa na Brahim Díaz ambaye ile ya Dar haikuwa naye. Basi tuseme moja ni kubwa kuliko nyingine. Hata hivyo, kumsifu mmoja kwa kufungwa bao moja na kumwaga mwingine miezi michache baada ya kufungwa bao moja kunahitaji maelezo marefu kuliko taarifa kwa umma.

Pingamizi lenye uzito ni hili: Hemed alikuwa ameanza kuteleza. Baada ya CHAN, katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia, Stars ilipigwa 1-0 na Niger, kisha 1-0 na Zambia, zote Zanzibar, nyumbani kabisa. Kocha anayepoteza mechi mbili za nyumbani mfululizo ana maswali ya kujibu, na mwajiri ana haki ya kumuuliza. Lakini anayeuliza huweka kipimo mezani kabla ya mtihani. Kama kipimo ni kufuzu, Hemed alifuzu akiwa na pointi 10, mbele ya Guinea, kazi aliyoifanya mechi sita nzima. Kama kipimo ni mechi mbili mbaya, kizingatiwe kwa wote, na Gamondi mwenyewe anakijua vizuri: Yanga aliipa ubingwa wa ligi msimu wa 2023/24, na Novemba 2024 akaonyeshwa mlango baada ya kufungwa na Azam na kisha Tabora United, hao jirani zetu wa kwenye reli. Tunachoomba Mpanda ni kuonyeshwa hicho kipimo. Huenda kilitumwa kwa treni. Na tukiwa kwenye reli, dereva aliyeivusha treni kutoka Kaliua hadi karibu na Katumba akashushwa ili mwingine afunge breki stesheni ya Mpanda, abiria wa huku wangejua wamshukuru nani.

Sasa niwape takwimu ambayo naona mmeisahau, ingawa ni yenu. Amunike aliifuzisha Stars mwaka 2019 kwa kuichapa Uganda 3-0. Mkaachana naye baada ya mechi tatu za fainali. Amrouche aliifuzisha kwa suluhu ugenini Algeria Septemba 2023. Akadumu mechi moja. Hemed akaifuzisha Novemba 2024. Hakuiona hata moja. Tatu, moja, sufuri. Tangu Agosti 2018 kiti hicho wamekikalia Amunike, Ndayiragije, Kim Poulsen, Janza, Amrouche, Hemed na Gamondi, watu saba, wazawa na wageni, wa kudumu na wa kukaimu. Katika kipindi chote hicho kitu kimoja hakijabadilika, nacho hakikai kwenye benchi la ufundi. Hakijabadilika pia kwamba katika mechi 13 za fainali nne, kuanzia 1980, Tanzania haijashinda hata moja. Mnapotuuliza nani bora kati ya Hemed na Gamondi, mnatuita tutazame dirisha ambalo ninyi hampiti mbele yake.

Kuna atakayesema Katavi ina nini cha kuzungumza kuhusu makocha. Mkoa ulizaliwa 2012 kutoka ubavuni mwa Rukwa; Kigoma wana Mashujaa, Tabora wana timu yao, hata Sumbawanga waliwahi kuazimwa Tanzania Prisons, sisi Ligi Kuu tunaisikia redioni. Hiyo ndiyo sifa yetu kuu ya kuandika barua hii. Hatuna kocha wa kumtetea wala mjumbe wa kumlinda, na Gamondi tukimwona Mpanda tutampokea kwa wali na samaki wa Tanganyika, kama ambavyo tungempokea Hemed.

Fainali za 2027 tunaandaa sisi pamoja na Kenya na Uganda. Mwenyeji haombi tiketi, kwa hiyo safari hii hakutakuwa na kocha wa kutimuliwa kwa kosa la kufuzu, na ule mfululizo wenu wa tatu, moja, sufuri utakosa namba ya kufuatia. Ili uhodari wenu usikae bure, tunapendekeza utaratibu wa kukaimu uhamishiwe ghorofa za juu: nafasi ya Rais wa Shirikisho itangazwe kuwa ya kaimu wiki sita kabla ya fainali, apewe mtu mwenye kibarua kingine Singida, na timu ikifika 16 bora kwa pointi mbili, sifa zigawanywe baina yake na Okello.

Wenu katika ujenzi wa soka,
Shabiki wa Taifa Stars, Mpanda

Nakala: Kocha Mkuu, Taifa Stars (jina lijazwe siku ya kupokea)